Barua kwa mdogo wangu aliye karibu na Whitby, pwani ya Uingereza: amoniti na namna ya kuzikusanya

Mdogo wangu,

Yambo sana kutoka Lubumbashi. Umeuliza kama amoniti, yale magamba ya mviringo yaliyogeuka mawe, zinapatikana huku nyumbani. Hazipatikani, na sababu yake ni vizuri uijue kabla ya kununua nyundo. Mawe ya Katanga yenye shaba na kobalti yana zaidi ya miaka milioni 500. Amoniti zilikuwa hazijatokea duniani. Kipindi cha Jurasiki, miaka milioni 201 hadi 145 iliyopita, kiliacha tabaka zake karibu na Kisangani, lakini zile zililazwa na maji yasiyo na chumvi. Zina visukuku vya samaki. Amoniti alikuwa mnyama wa bahari, wa ukoo wa pweza na ngisi, kwa hiyo hata huko usiitafute.

Wewe ndiye uliye pazuri. Majabali ya Whitby ni tope la bahari la miaka milioni 180 hivi, lililogeuka mwamba mweusi unaobanduka. Ndani ya mwamba huo amoniti nyingi ni bapa kabisa na hubomoka mkononi, kwa sababu tope lilishindiliwa na uzito wa tabaka za juu. Unachotaka ni madonge. Pale chokaa ilipoganda mapema kuzunguka gamba, kabla tope halijashindiliwa, lilitokea donge gumu la kijivu, na gamba likabaki na unene wake. Tafuta donge la mviringo ambalo ukingoni linaonyesha mstari wa mbavu ndogondogo, yaani matuta ya gamba. Madonge mengi hayana kitu, na usipoona dalili ukingoni liache lilivyo.

Kabla ya mawe, bahari. Sisi watu wa Katanga hatukukua nayo. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa kumoja na kwingine ni masaa 12 na dakika 25 hivi. Soma ratiba ya maji ya Whitby ya siku hiyohiyo, ushuke masaa mawili au matatu kabla maji hayajafika chini kabisa. Yakigeuka, geuka na wewe. Ghuba kama Saltwick zina rasi za mawe pembeni. Bahari ikijaa hufika hadi chini ya jabali na njia ya kurudi inakatika. Usikae chini ya jabali hata ukivaa kofia ngumu, maana mwamba ule huanguka bila kutoa sauti ya kukuonya, hasa baada ya mvua. Jabali lenyewe usiligonge kabisa. Okota vilivyokwisha kuanguka ufukweni. Majira ya baridi, baada ya dhoruba, ndipo bahari inapofunua vipya.

Nyundo iwe ya mwashi wa mawe, kilo 1 hadi 1.5. Nyundo ya seremala usiitumie, wala usigonge nyundo kwa nyundo: chuma chake humeguka na vipande hurukia macho. Miwani ya kinga ni lazima. Simamisha donge kwa ukingo juu ya jiwe gumu, mstari wa mbavu ukitazama juu, ugonge kwenye mstari huo. Hapo ndipo udhaifu ulipo, na donge hupasuka kwa kufuata gamba. Ukiligonga ubavuni, kwenye uso mpana, litakatika katikati pamoja na amoniti. Likipasuka, okota kila kipande hadi vijipande vya ukubwa wa ukucha, uvifunge pamoja kwenye karatasi moja.

Utakazopata zaidi ni aina mbili. Dactylioceras inafanana na kamba iliyokunjwa, mizunguko yote inaonekana, na mbavu zake hugawanyika mbili zikipita mgongoni. Hildoceras ina mfereji ubavuni na mgongo wenye matuta matatu. Hii ya pili imepewa jina la Mtakatifu Hilda, mkuu wa monasteri iliyoanzishwa Whitby mwaka 657. Watu wa pale walisimulia kwamba aligeuza nyoka kuwa mawe, na wauzaji wakawa wanachonga vichwa vya nyoka kwenye amoniti. Ukiona yenye kichwa dukani, kichwa ni cha patasi.

Ukifika nyumbani kwako, loweka jiwe kwenye maji ya bomba, uyabadilishe kila siku kwa wiki nzima. Chumvi ikibaki ndani itaota na kubandua uso. Siki na asidi nyingine usiguse: amoniti na donge vyote ni chokaa, asidi itakula vyote viwili. Kwa kuunganisha vipande pendelea Paraloid B-72, plastiki ya punje inayoyeyushwa kwa asetoni, kuliko gundi ya haraka, kwa kuwa ukikosea unaiyeyusha tena kwa asetoni. Gramu 10 kwa mililita 100 za asetoni ni ya kuimarisha gamba linalovunjika. Ya kuunganishia iwe nzito zaidi. Kuiyeyusha, ning'iniza punje zake ndani ya kitambaa chepesi kwenye chupa ya kioo, zisigande chini, mbali na moto. Mwamba wa juu uondoe taratibu kwa kalamu ya umeme ya kuchongea, ukiwa na barakoa.

Amoniti zile zinazong'aa dhahabu ni piriti, madini ya chuma na salfa. Hizo usiziloweke siku nyingi, zikaushe mapema. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60, piriti huoza, hutoa unga mweupe au wa njano, na asidi yake hula hata karatasi ya maelezo. Ukizileta huku, kwa masika yetu ya Lubumbashi, zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika jeli vinavyofyonza unyevu, mbali na malakiti, jiwe letu la kijani la shaba, ambayo asidi hiyo huila.

Maelezo yaandike siku ileile: ghuba, tarehe, na kama donge ulilikuta limeanguka au limeshikwa na tabaka ya sakafu ya ufuko. Tangu miaka ya 1850, Albert Oppel wa Ujerumani alipopanga tabaka za Jurasiki kwa kutumia visukuku, aina ya amoniti ndiyo inayotaja umri wa mwamba. Jiwe lisilo na karatasi hiyo linabaki pambo la kabati.

Ukija likizo, leta Dactylioceras moja kwa ajili ya wanafunzi wa Katuba, huku Lubumbashi, na pande zote mbili za donge lake. Usiisafishe hadi mwisho. Nusu moja ibaki ndani ya mwamba, waone ilivyolala.