Cherehani ya Mama na Swali Lako

Malaba, Jumapili jioni

Mpendwa dada Akello,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua imeanza, na foleni ya malori ya kuvuka mpaka leo imefika hadi mlangoni kwangu. Binamu yako aliniletea barua Ijumaa. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipoandika: "Wanasema nimekombolewa. Kutoka kwa nani, na ili iweje?"

Unakumbuka tulipokuwa watoto wa kambini Jinja, misa ikisomwa kwa Kiganda, padri akimwita Yesu Omununuzi? Sisi wa Kiswahili tulisikia "mnunuzi". Baadaye ndipo nikajua kwamba kwa Kiganda hilo ni Mkombozi, na kununua wao husema okugula. Lakini neno lile limenikaa, kwa sababu kati ya mnunuzi na mkombozi kuna tofauti ambayo mimi niliijua kwa cherehani.

Sijawahi kukueleza vizuri. Mwaka ule karo ziliponishinda, niliichukua cherehani ya marehemu mama, ile ya kukanyaga, nikaiweka rehani kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini kwa shilingi laki tatu. Nilisema ni mwezi mmoja. Ikafika miezi minane, na riba ikalifikisha deni laki tano na ishirini. Kila nilipopita dukani kwake niliiona kupitia dirishani, imebebeshwa marobota ya mitumba. Nilianza kupita njia ya nyuma.

Kaka yangu aliposikia hakunigombeza. Aliuza ndama wake, akaja na basi, akalipa yote. Akello, kwa pesa ile angepata cherehani nyingine nzuri kuliko hiyo, na chenji ikabaki. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Nyingine si ya mama." Mnunuzi hutafuta kitu kizuri kwa bei nafuu. Mkombozi hufuata kilicho chake, hata kama kimechakaa na bei imepita thamani yake.

Ndivyo Maandiko yanavyosema tangu zamani. Katika Walawi sura ya 25, ndugu akiwa maskini akauza shamba lake, au akajiuza mwenyewe, jamaa yake wa karibu ndiye mwenye haki ya kumkomboa. Haikuwa kazi ya mpita njia mwenye fedha. Kasome tena Ruthu sura ya 4. Yule jamaa aliyekuwa karibu zaidi kuliko Boazi alikubali upesi aliposikia habari za shamba, lakini alipoambiwa kwamba pamoja na shamba itampasa kumchukua Ruthu, mjane wa jamaa yao, alirudi nyuma akasema asije akauharibu urithi wake mwenyewe, akavua kiatu kuonyesha ameiachia haki yake. Jina lake hata halikuandikwa. Boazi aliingia na hasara yake. Kwangu mimi hapo ndipo Krismasi inapopata maana. Mungu alikuja kuwa mtu ili awe jamaa yetu, awe na haki ya kutukomboa, na urithi alioutoa ulikuwa uhai wake. "Kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi," ndivyo alivyosema mwenyewe katika Marko 10:45.

Uliuliza pia fidia hiyo alilipwa nani. Usione aibu kuuliza. Padri alitueleza kwenye mafungo ya Kwaresima kwamba Gregory wa Nazianzus aliuliza hivyohivyo katika karne ya 4. Alikataa kabisa kusema alilipwa shetani, maana mnyang'anyi hana haki ya kudai malipo. Alilipwa Baba? Sisi hatukuwa tumefungwa na Baba. Jibu lake, kama nilivyolielewa, ni kwamba Baba aliipokea sadaka ile bila kuwa ameidai, kwa kuwa sisi tulihitaji kutakaswa. Tangu siku hiyo nimeacha kumfikiria Mungu kama yule mkopeshaji na daftari lake. Aliyetushika ni dhambi na mauti. Yesu anasema atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi. Na bei ni kweli ililipwa, kama ndama wa kaka alivyokwenda kweli na hakurudi. Msamaha haukuwa wa bure kwa aliyeutoa.

Sasa hilo la "ili iweje", ambalo nadhani ndilo linalokuumiza.

Cherehani iliporudi niliiweka pembeni, nikaifunika kitenge. Sikuigusa. Kila nikiitazama nilikumbuka mitumba ile juu yake na nilivyokuwa nikipita njia ya nyuma. Mkanda wa ngozi ulikuwa umekauka, ukizungusha gurudumu unakatika. Wiki tatu baadaye kaka akaja, akaona kitenge, akakifunua. Alisema maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Mbona imelala? Sikuikomboa ije kulala." Akatoka, akarudi na mkanda mpya na chupa ndogo ya mafuta, akapiga magoti akaanza kutia tone moja moja kwenye kila tundu. Usiku huo nilishona suruali ya jirani.

Paulo anamwandikia Tito kwamba Kristo alijitoa "ili atukomboe na maasi yote", na sentensi haikomi hapo, inaendelea hadi "watu wawe milki yake mwenyewe, wale walio na juhudi katika matendo mema." Mtakatifu Bakhita, ambaye alizaliwa Darfur, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa mara nyingi, mahakama ya Italia ilimtamkia uhuru wake mwaka 1889. Angeweza kwenda popote. Alibatizwa, akawa mtawa, na kwa miaka mingi alikuwa yeye anayefungua mlango wa nyumba yao kule Schio, akipokea wageni na watoto. Namwaza mara nyingi nikisikia hodi.

Najua habari ya pesa za kikundi. Ulizichukua, ukakiri mbele yao, ukalipa hadi shilingi ya mwisho, ukaungama. Akina mama wenyewe wamekusamehe. Mwenyekiti wenu aliniambia hivyo kwa mdomo wake tulipokutana kwenye msiba. Lakini bado unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, unatoka kabla ya baraka, na kwaya umeiacha, wewe uliyekuwa ukitushikia sauti ya pili sote. Unauita unyenyekevu. Mimi naona kitenge juu ya cherehani, dada. Uchungu unaoamka nao siwezi kukuahidi kwamba utaondoka kesho. Warumi 8 inasema hata sisi tunaugua tukiungojea ukombozi wa mwili wetu. Mkanda wangu mpya nao ulichukua siku kadhaa kukaa sawa. Lakini nilishona nao hivyohivyo.

Nina kitambaa cha gomesi, lile gauni refu la kufunga mshipi, rangi ya zambarau, nilikiweka tangu mwaka jana. Nitumie vipimo vya bega, kiuno na urefu. Mshipi nitauchagua mwenyewe. Binamu yako atarudi huko Alhamisi ya juma la pili kutoka leo, kwa hiyo vipimo vinifikie kabla ya Jumatatu ya juma hilo, nami nitashona usiku.

Wako,
Nekesa