Elimu ya dawa za kulevya iwafikie pia wenye mraibu nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie elimu ambayo familia nyingi zenye mraibu wa heroini hazijawahi kuipata, na ambayo kwetu ilifika kwa kuchelewa. Kila inapokaribia tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, wanafunzi hufundishwa ngonjera, fulana huchapishwa, na viongozi huwaasa vijana wasiguse unga. Hayo ni mema na yaendelee. Hata hivyo, anayeambiwa yote hayo ni yule ambaye hajaanza. Nyumba ambayo mtoto ameshaanza, sufuria zimeuzwa na simu ya baba haionekani, haiambiwi neno.

Mdogo wangu wa mwisho alivuta, kisha akajidunga, kwa miaka ipatayo minne. Mwaka 2013 tulifanya kikao cha familia hapa Tandika, tukaamua kumfungia katika chumba cha uani hadi sumu imtoke. Hatukufanya hivyo kwa ukatili. Hatukujua njia nyingine. Siku hiyo hiyo usiku arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, ilimshika: makamasi na machozi yasiyokatika, kutapika, kuharisha, miayo mfululizo, na maumivu ya mifupa yaliyomfanya alie kama mtoto. Mama aliketi nje ya dirisha na bakuli la uji, akimpitishia kijiko kimoja kimoja katikati ya nondo. Siku ya kumi na moja aliomba nguo safi, akala wali akamaliza sahani, akatutania wote. Tukamfungulia kwa furaha. Siku ya tatu baada ya hapo, Mama alimpa shilingi 2,000 akanunue sukari. Alikutwa alfajiri nyuma ya kibanda cha mkaa, midomo imegeuka rangi ya buluu.

Tukiwa bado matangani, jirani yetu ambaye ni muuguzi alinivuta pembeni akanieleza kilichotokea. Mwili uliozoea heroini hustahimili kiasi ambacho kingemuua asiyeizoea. Ukikaa siku kadhaa bila kuipata, uwezo huo hupungua upesi, ilhali hamu hubaki palepale. Kwa hiyo anayetoka kufungiwa nyumbani, gerezani, au hata katika nyumba ya upataji nafuu, akirudia kiasi chake cha zamani, pumzi huzidi kupungua hadi ikakatika. Siku tulizozihesabu kuwa za kupona ndizo zilizokuwa za hatari kuliko zote. Alinieleza pia kwamba mtu aliyezidiwa hukoroma kwa namna isiyo ya kawaida na haamki hata akitikiswa, mboni za macho zikiwa zimesinyaa kama ncha ya sindano, na kwamba wa namna hiyo hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali, ambako ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi. Maelezo hayo yalichukua muda usiozidi dakika kumi.

Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilikuwa imeanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa ya kumtibu mraibu wa heroini, tangu Februari 2011, bila malipo, na kutoka kwetu hadi Muhimbili ni safari ya daladala tu. Baadaye huduma hiyo ilifunguliwa Mwananyamala, kisha Temeke, na leo imefika mikoa mingine kadhaa. Lakini katika kikao chetu cha familia, chenye watu wazima tisa, hakuna aliyelitaja neno hilo. Na walioanza kulisikia baadaye wengi walilipokea vibaya, wakisema ni kumwachisha mtu unga mmoja na kumpa mwingine. Hawakuwa wameambiwa kwamba methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, kwamba nguvu yake hudumu kwa saa 24 au zaidi, kwamba kwa kipimo sahihi huzuia arosto bila kumpa mtu stimu anayoifuata kijiweni, na kwamba asiyejidunga haazimi sindano yenye virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Mama yangu humeza dawa ya presha kila asubuhi, na hakuna anayemuuliza ataiacha lini.

Nimtaje Mama kwa jambo jingine pia. Kwa miaka ile minne aliitwa mama teja, akaacha kwenda kwenye kikoba, akawa hapati usingizi hadi amsikie mwanawe akirudi. Baada ya msiba alikaa miezi mingi bila kupika wala kutaka kuzungumza na mtu. Sasa ninaelewa kwamba ile ilikuwa sonona na ilihitaji tiba, lakini wakati ule sote tulisema ni majonzi ya mzazi, yatapita. Mraibu akiugua, familia nzima huugua pamoja naye, na elimu isiyowagusa wazazi, wake na watoto wake inaacha nusu ya wagonjwa nje.

Ninaiomba Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ikishirikiana na Wizara ya Afya na serikali za mitaa, iwapeleke wauguzi wa kliniki za methadoni kwenye mikutano ya mitaa, kwenye vikoba, misikitini na makanisani, wazungumze na wazazi ambao watoto wao wameshaanza, bila kuwataka wajitaje. Ninawaomba pia wenyeviti wa mitaa wasingoje kuletewa mgeni rasmi. Jirani yetu yule muuguzi ameishi mtaa huu kwa miaka mingi, na hadi leo hajawahi kualikwa kusimama kwenye mkutano wetu hata mara moja.

Ni mimi,
Mkazi wa Tandika,
Temeke, Dar es Salaam