Vitamini D si dawa ya kuzuia mafua

Mhariri,

Kila Julai ya Nairobi inapoingia na mawingu yake, na kikohozi kikaanza kupokezana kiti kwa kiti ndani ya matatu, maduka ya dawa huchangamka. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka moja mtaani kwetu nikamsikia mhudumu akimwambia mama aliyembeba mtoto mgongoni: "Mama, meza tembe hizi za vitamini D za yuniti 50,000, mafua utayasikia kwa jirani." Hakumwuliza kama amepimwa damu, wala kama ana maradhi ya figo. Mama akahesabu noti zake, akapokea, akaenda zake.

Madai ya mhudumu yule hayakuzuka hewani. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ambayo ini na figo huigeuza kuwa homoni, na baadhi ya chembechembe nyeupe za damu huweza kukamilisha kazi hiyo zenyewe. Homoni hiyo huzichochea kutoa protini kama kathelisidini, yenye uwezo wa kutoboa utando wa bakteria na wa baadhi ya virusi. Pia huizuia kinga isipitilize, jambo lenye uzito, kwa maana katika nimonia ya virusi mapafu huumizwa pia na uvimbe unaoletwa na kinga yenyewe.

Hata hivyo, chembechembe ndani ya chupa ya maabara si mtu anayepanda matatu. Mwaka 2017 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio 25 yaliyohusisha watu karibu 11,000, na kinga iliyoonekana ilikuwa ndogo; walionufaika zaidi ni wale waliopungukiwa sana na vitamini hii, tena waliomeza dozi ndogo kila siku au kila wiki, si waliobugia dozi kubwa kwa mkupuo. Nchini Norway, watu zaidi ya 34,000 waligawanywa makundi mawili wakati wa korona, kundi moja likinywa mafuta ya ini la samaki, na maambukizi hayakupungua. Mapitio mapya ya mwaka 2025, yaliyokusanya watu wengi zaidi, hayakuona kinga ya kutegemewa.

Utauliza, Mhariri, iweje mtu apungukiwe katika mji ulio takriban digrii moja tu kusini mwa ikweta? Jibu liko kwenye ploti zetu. Ghorofa zimebanana hata jua halifiki kwenye veranda. Mlinzi wa usiku hulala mchana kutwa. Na karani aketiye kando ya dirisha hapati kitu, kwa kuwa kioo huzuia miale inayohitajika. Ngozi nyeusi nayo hudai muda mrefu zaidi juani. Hata lile jua la saa moja asubuhi tunalowaanikia watoto wachanga, kwa mapenzi makubwa, lina miale hiyo kidogo mno. Hupatikana vizuri kivuli chako kinapokuwa kifupi kuliko kimo chako. Anayekosa jua hilo ana sababu ya kupimwa, na mtoto wake huweza kupata matege, ambayo ni hatari iliyothibitika kuliko hayo mafua.

Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, haitoki kwa mkojo upesi kama vitamini C. Ikizidi, hupandisha kalisi katika damu, na mtu huanza kwa kichefuchefu na kiu, kisha mawe ya figo. Mtu mzima huhitaji takriban yuniti 600 kwa siku, na hashauriwi kuvuka 4,000 pasipo daktari. Vidonge vya 50,000 vina kazi yake, lakini ni kwa mgonjwa aliyepimwa na kuandikiwa.

Kama mama yule anasoma gazeti hili, namwomba asianze kuvimeza kabla ya kumwona daktari, na hasa asimkatie mtoto kipande.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi