Mwanangu, Hujaniambia Unalipwaje

Mwanangu,

Simu ya juzi ilikatika nikiwa katikati ya swali. Sijui kama hukulisikia, au ulilisikia ukaona ni swali la kizee. Nalirudia kwa maandishi ili usisingizie mtandao. Hiyo kampuni ya udalali wa hisa unayoanza nayo kazi Jumatatu itakulipaje? Mshahara, au kamisheni, au kimshahara kidogo na kamisheni juu yake? Siulizi kiasi. Nauliza namna.

Mama yako anasema nakuharibia furaha. Yeye tangu matokeo ya mtihani wa leseni yatoke hajanyamaza, hata fundi aliyekuja kutazama bomba ameambiwa. Na mimi nimefurahi, ila furaha yangu haina sauti, unanijua. Kilichoniuma ni kusikia kutoka kwa mdogo wako kwamba mara ya kwanza ulifeli, ukakaa na siri hiyo miezi minne peke yako. Kwa nini? Ulidhani tungekucheka? Kwa kazi unayoiendea, kuficha ni kubaya kuliko kufeli. Dalali anayeweza kuwaficha wazazi wake ataweza kumficha mteja. Naona limetoka kali hilo. Basi, lishatoka.

Toka uniambie habari hizi nimekuwa nikisoma juu ya watu wa kazi yako. Tarehe 17 Mei 1792 madalali 24 walitia saini makubaliano pale Wall Street, New York, na soko la hisa la New York linahesabu asili yake hapo. Makubaliano yenyewe ni mafupi mno. Nilitegemea kukuta humo neno juu ya uaminifu kwa wenye pesa. Waliahidiana mambo mawili: asiwepo atakayenunua au kuuza kwa kamisheni iliyo chini ya robo ya asilimia moja, na wapeane biashara wenyewe kwa wenyewe kwanza. Mteja yumo kama mtu wa kulipa tu. Kamisheni za kupangwa namna hiyo ziliendelea Marekani hadi 1 Mei 1975, na London hadi Oktoba 1986. Siku hizi wapo wanaojitangaza kwamba hawatozi kitu, kumbe oda za wateja wao wanazipeleka kwa wafanyabiashara wakubwa wa sokoni, na hao wakubwa ndio wanaomlipa dalali kwa kuwaletea oda. Kila njia niifuatayo inanirudisha kwenye swali langu.

Umesema simu zote za ofisini zinarekodiwa. Hiyo nimeipenda sana. Soko la London kaulimbiu yake ni kwamba neno langu ni dhamana yangu. Naona neno limeongezewa kinasa sauti. Mteja akikuagiza, mrudishie maneno yake yote kabla hujaingiza oda: hisa gani, ngapi, kwa bei gani, kununua au kuuza. Desemba 2005 huko Tokyo mtu alitakiwa kuuza hisa moja kwa yeni 610,000, akaingiza hisa 610,000 kwa yeni moja moja. Kampuni yake ilipoteza yeni bilioni 40 hivi. Ukikosea, sema saa ile ile. Lakini kosa la namna hiyo halininyimi usingizi, maana vidole vya mtu yeyote huteleza. Wanaonitisha ni wale ambao hawakukosea popote.

Mambo ya shangazi yako unayajua, ila unayajua tulivyowasimulia, kwamba hisa zilianguka. Hazikuanguka. Mwaka ule bei zilipanda. Yule dalali alimpa hati atie saini, hati ya kumruhusu aamue mwenyewe bila kumpigia simu, na toka hapo akawa ananunua, anauza baada ya wiki chache, ananunua nyingine. Wewe ni mtu wa hesabu, piga: asilimia moja kuingia, asilimia moja kutoka, kila mwezi pesa yote izungushwe mara moja. Mwaka ukiisha, karibu robo yake imekwenda, na hisa zenyewe hazijafanya ubaya wowote. Kila muamala ulikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na muhuri. Shangazi yako alizileta zote kwenye mfuko, akazimwaga mezani, tukakaa usiku kucha tukitafuta mahali alipoibiwa. Hatukupaona. Yule bwana alilipwa kwa kila oda, ndiyo maana oda hazikuisha. Angekuwa analipwa kwa namna nyingine, huenda leo tungekuwa tunamsifu.

Aliyempeleka huko unamjua. Na wiki moja baada ya kumpeleka niliitwa nikapewa bahasha, nikaambiwa ni asante ya kuleta mteja. Niliiita zawadi. Cherehani ya mama yako ilitoka humo.

Nimesoma pia habari za Bernard Madoff, yule tapeli wa pesa za wawekezaji wa Marekani, aliyekamatwa Desemba 2008. Wateja wake wengi waliletwa na watu waliowaamini, na baadhi ya hao waletaji walikuwa wakivuna ada kwa pesa walizopeleka. Kesi zilipoanza wakasema hawakujua lolote. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kumwagilia maua, na mvua ilikuwa imenyesha.

Kwa hiyo sikiliza, mama. Ile hati ya kukupa ruhusa ya kuamua bila kuuliza, usiikubali kwa mteja yeyote hadi ukomae kazini, hata mkubwa wako akikwambia ndivyo wanavyofanya wote. Utawekewa malengo ya mwezi. Yakikaribia kukushinda tarehe ishirini na kitu, utamkumbuka mzee fulani mwenye hisa zake zimetulia, zinampa gawio lake kila mwaka, na kichwa chako kitakutafutia sababu nzuri kabisa ya kumpigia simu azihamishe. Sababu itakuwa nzuri kweli. Wewe ni hodari wa kueleza, toka mdogo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nikuambie jingine ambalo sikutaka kuandika. Shangazi yako amepiga simu. Miaka yote hii salamu zake zilikuwa zinapitia kwa mama yako, safari hii aliniomba mimi. Amesikia habari zako, na anataka awe mteja wako wa kwanza, na kiinua mgongo chake chote. Alicheka alipokuwa akisema. Sikujua niitikie nini, nikasema nitakuandikia. Ningependa umkatalie. Ukishindwa, mfungulie akaunti kwa mwenzako wa meza nyingine, usiishike wewe. Na akikushinda hata hapo, maana namjua, basi kabla hajatia saini mwambie kwa mdomo wako unalipwaje. Mimi sikumwambia.

Hapa nyumbani hatujambo. Mdogo wako amehamia chumbani kwako bila kumuuliza mtu, vitabu vyako amevipanga chini ya kitanda, ukivikuta vimepindika usinilaumu mimi. Mlango wa nyuma umepata bawaba mpya, haulii tena, na sasa mama yako analalamika kwamba hasikii nani anaingia. Miwani yangu imekatika mguu ndiyo maana mwandiko unapanda mlima. Ule ufunguo wa kabati uliokwenda nao urudishe, tunafungua kwa kisu.

Cherehani imekwama tena. Fundi amesema ni mkanda, na mikanda ya aina ile imekuwa adimu. Mama yako ameniambia nikuandikie uitafute huko uliko, na ameandika namba ya mkanda kwenye kikaratasi nilichokiweka ndani ya bahasha hii. Mimi ningependa tuiuze, ila nimeshindwa kumweleza kwa nini.

Nijibu kwa barua, usipige simu. Na jibu lianze na lile swali.

Baba yako