Risala ya wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaofanya Hung Gar, ngumi za asili za kusini mwa China, hapa Foshan, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, sifu wetu (yaani mwalimu wetu), wazee wa mtaa mliotupokea, viongozi wa wanafunzi, kaka na dada zetu, habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Mheshimiwa, kwanza karibu sana Foshan, tunajua ratiba yako imebana ila umekaa na joto hili la Guangdong ukatuangalia mpaka wa mwisho, kwa kweli tumefarijika. Sisi ni wanafunzi wa Tanzania, Kenya na Burundi, wengi tunasoma Guangzhou, kila jumapili asubuhi tunapanda metro ya Guangfo tunakuja huku. Miezi mitatu ya mwanzo hatukufundishwa ngumi hata moja, ni kukaa farasi tu, yaani kusimama miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa kama umepanda farasi, mapaja yanatetemeka, jasho linadondoka, alafu sifu anapita nyuma anakusukuma kiunoni aone kama umeshika ardhi au umesimama tu.

Tumechagua Foshan kwasababu hapa ndo kwao Wong Fei-hung (1847–1925), bingwa wa Hung Gar, jumba la kumbukumbu yake liko palepale kwenye hekalu la Zumiao, na fomu tunazofanya, yaani mienendo iliyopangwa kwa mfuatano, zimepita mikononi mwake zikaenda kwa mwanafunzi wake Lam Sai-wing ambaye aliziandika vitabuni. Leo umeona fomu ya Simbamarara na Korongo. Simbamarara ni zile kucha, nguvu inatoka mgongoni, na korongo ni ule mguu mmoja na vidole vilivyokutana kama mdomo wa ndege.

Sasa mheshimiwa, tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike risala hii, nalo ni mashindano.

Kuna mashindano ya kisasa ya wushu (sanaa za mapigano za Kichina), yale ambayo ubingwa wake wa dunia ulianza Beijing 1991, na ngumi za kusini mle ndani zinaitwa Nanquan. Kapeti ni mita 14 kwa 8, alama ni 10, yaani 5 za ubora wa mienendo, 3 za onyesho kwa ujumla na 2 za ugumu, na huo ugumu ndo kuruka na kuzunguka hewani nyuzi 720 alafu unatua bila kuyumba. Tunawaheshimu sana wale vijana, kutua vile sio mchezo. Ila ule ni mchezo mwingine, una sheria zake, na hatuna ugomvi nao.

Sisi tunaingia upande wa fomu za asili. Huku kuruka hakuhesabiwi, ila kuna saa. Mashindano mengi yanakupa kama dakika mbili au chini ya hapo, na fomu yetu ikifanywa yote kwa pumzi zake inapita hapo mbali, kwahiyo lazima ukate. Na kila mtu anakata palepale, mwanzo. Ule mwanzo wa polepole, mikono inasukuma mbele kidole kimoja kimesimama, pumzi inabanwa, kwa macho ya watu ukumbini ni kama hakuna kinachotokea, lakini wenye Hung Gar wanaita mikono hiyo madaraja, kama yale ya kuvukia mto, na wanahesabu madaraja 12, kuna gumu, kuna laini, kuna la kubana na mengine, na bila hayo zile kucha za baadae ni mapambo tu. Hata sauti ni hivohivo, huku haipigwi ili ukumbi usikie, inatoka yenyewe pumzi ikibanwa sawasawa.

Mwaka huu dada yetu mmoja aliingia kwenye mashindano fulani akakataa kukata, akafanya madaraja yote taratibu kama alivyofundishwa, muda ukamuishia kabla hajafika kwenye korongo, akakatwa alama akashuka chini kabisa kwenye matokeo. Mwenzake aliyekata mwanzo na kuongeza spidi alirudi na medali. Mheshimiwa, yule wa medali ndo alikuwa wa kwanza kusema medali ile haikumtuliza roho. Sisi kama kikundi tumeamua tunaenda na njia ya yule dada, hata tukiwa wa mwisho.

Maombi yetu ni machache. La kwanza, utusaidie kuongea na waandaaji, kwenye ratiba zao watuwekee muda wa onyesho lisilo na alama wala saa, ili hizi fomu zionekane zote na wazee wa hapa wapate kuziona. La pili, ukumbi wa mazoezi Guangzhou, maana kipindi cha mvua uwanja wa nje haufai na nauli ya kila jumapili inawaumiza wenzetu wasio na ufadhili. La tatu, wushu imewekwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026 na wadogo zetu nyumbani wamepata hamu kubwa, wanajifunza kuruka kwa video za simu kabla hata hawajakaa farasi, magoti yatawaharibikia. Tunaomba utusaidie sifu wetu apate kufika nyumbani walau mwezi mmoja, yeye ameshakubali, imebaki viza na tiketi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.