Kwa nazi zangu, magurudumu mawili yatosha

Bwana Mhariri,

Mwezi wa tatu huu nazunguka yadi za magari hapa Mombasa, na kila muuzaji anisukumia pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi nabeba nazi kutoka mashamba ya Matuga hadi soko la Kongowea. Kutoka Ng'ombeni hadi feri ya Likoni ni lami. Udongo ni kilomita nne tu, ingawa masika yakikolea hata trekta hunasa pale.

Fundi wangu wa Changamwe aliniuliza, "Mzee, mwaka una siku ngapi za matope?" Nikahesabu, hazifiki thelathini. Kwa siku hizo nibebe difu ya mbele (gia inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele), uzito na mafuta ya ziada mwaka mzima? Tena magurudumu manne yakivuta hukusaidia kuondoka kwenye utelezi, si kusimama. Hilo wauzaji hawalitaji.

Nachukua ya mawili, na tairi za nyuma zenye meno makubwa. Nikirudi mtupu, magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, ili magurudumu yanayovuta yapate uzito yasiteleze. Shemeji anacheka, lakini lake la manne halijawahi kupita Nyali.

Muuza nazi,
Kongowea, Mombasa