Stereoskopu ya Kadibodi: Kagua Mikunjo Kabla ya Lenzi

Wateja wengi wanaotuletea stereoskopu za zamani za kadibodi, yaani vifaa vya kutazamia picha mbili zinazokaribia kufanana hadi zionekane moja yenye kina, hulalamikia lenzi: picha mbili hazishikani kuwa moja, kichwa kinauma. Mara nyingi lenzi hazina kosa lolote. Kilichokufa ni mkunjo.

Kadibodi ya bei rahisi hutokana na rojo la mbao, na rojo hilo kadiri miaka inavyopita huwa na asidi, hugeuka kahawia na kukauka. Hupasukia pale inapokunjwa. Mkunjo ukishalegea, uso wenye lenzi hulala upande. Lenzi moja ikipanda juu ya mwenzake hata milimita mbili, macho hushindwa, kwa kuwa uwezo wake wa kutazama moja juu na jingine chini ni mdogo sana. Pima kwa rula kutoka ukingo wa chini hadi katikati ya kila lenzi.

Tafadhali usipige selotepu. Gundi yake huvuja, hupaka doa la njano, na siku ya kuibandua huondoka na ngozi ya juu pamoja na maandishi yaliyochapwa. Sisi hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Kipande cha upana wa sentimita moja hivi kinatosha, upande wa ndani, na gundi iwe kidogo sana maana kadibodi ikilowa hupinda. Funika kwa karatasi ya kufyonza maji, weka uzito juu, iache mpaka kesho yake. Gundi hii hulainika kwa maji, hivyo fundi atakayekuja baadaye anaweza kuitoa.

Mkunjo ukiwa mzima na picha bado hazishikani, angalia kadi, yaani ile yenye picha mbili unayoitazama ndani ya kifaa. Kadi ya kawaida ya karne ya 19, takriban sentimita 9 kwa 18, ina picha ambazo vitovu vyake vimeachana kuliko macho ya mtu, ambayo kwa wastani yameachana milimita 63 hivi. Ndiyo maana stereoskopu ya mkono ya Oliver Wendell Holmes, daktari na mwandishi Mmarekani, ya mwaka 1861, ina lenzi zenye umbo la kabari, upande mnene ukielekea nje. Kifaa kidogo chenye lenzi za duara za kawaida kilikusudiwa kadi ndogo. Ukikilazimisha kadi kubwa utalaumu bure. Na lenzi ya kabari iliyorudishwa kinyume, mnene ndani, huzitenganisha picha zaidi.

Lenzi za plastiki zipulizie vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini chenye unyevunyevu. Spiriti na asetoni huzipasua nyufa ndogondogo zisizotibika.

Hifadhi kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Kifaa chenye kuvu kifungie peke yake kwenye mfuko kabla ya kutuletea, na utuandikie juu ya mfuko huo kwamba kina kuvu. Hicho hatukifungui meza moja na vya wenzako.